Shati Kwenye Hendeli ya Winchi

Kando ya mfereji mkuu kuna kibanda cha bati, na ndani yake winchi ya mkono ya kuinulia lango la kalvati, handaki la kupitishia maji. Wakuu wa idara ya maji huipita kama wanavyompita mtunzaji wake, Fundi Grisi: bila salamu, suruali wamezikunja.

Mafundi wa mfereji wana mwiko mmoja. Anayeingia kalvati kuzibua takataka hufunga lango, akavua shati na kulitundika kwenye hendeli. Hulitoa mwenyewe akishatoka, kisha lango huinuliwa papo hapo, wote wajue ndani hamna mtu.

Kaka yake Grisi aliingia, hakutoka. Wenzake walipekua kalvati nzima wasione hata kiatu. Shati likabaki, maji yakapitishwa kwingine, miaka ikayoyoma. Na hata kiangazi kikali, shati lile hudondosha maji. Grisi hukinga beseni, akamwaga, akanyamaza. Angesema nini, aitwe mlevi bila hata kuonjeshwa?

Mchana mmoja akaja shemeji yake, mke wa huyo kaka. Amepata mchumba, fundi cherehani mwenye masikio makubwa na moyo mkubwa zaidi. Ila mama mkwe kakataa katakata: "Mumeo yuko kazini. Shati si liko pale?"

"Shemeji, litoe," akasema mwanamke.

"Atalitoa mwenyewe."

"Kazi gani hiyo isiyo na mapumziko? Hata punda hufunguliwa!"

Grisi akacheka. "Nikilitoa nimemzika."

"Usipolitoa umenizika mimi. Na mimi bado napumua, shemeji."

Grisi akaiendea winchi. Akapangusa mikono, akalitoa. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Mwanamke akainama kwenye mdomo wa kalvati.

"Baba watoto, tumelichukua sisi. Usitusubirishe."

Kalvati ikamrudishia sauti yake, ila kwa kuchelewa, kama ya mtu anayefikiria.

Wakashika hendeli pamoja. Haikutikisika. Wakasukuma tena, Grisi akitukana kutu, idara na tumbo la mkurugenzi. Ghafla hendeli ikalainika, ikazunguka upesi kuliko nguvu zao, kana kwamba kuna wa tatu aliyeishika. Wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kuachia, wala kugeuka nyuma, mpaka lango likainuka lote na maji yakaanza kupita.