Kompyuta Iliyovuta Maganda ya Kahawa

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu ishirini na saba: kumi za fundi, tano za dawa ya kupozea joto, kumi na mbili za flashi. Nimehesabu mara mbili. Bei ya kwanza niliyotajiwa ilikuwa laki na themanini, kwa hiyo ukinikuta mjini Mbinga natembea nimeinua kidevu, usidhani nimelipwa kahawa.

Mama mdogo alipanda kutoka Kihagara, huko ziwani, siku ya Alhamisi na mfuko wa usipa, vile visamaki vikavu, kwa ajili ya jambo moja tu. Dada yake, yaani mama yangu, tulimzika mwaka jana. Kabla ya hapo nilikuwa nimemrekodi kwenye harusi ya ukoo kule ziwani, akiongoza ngoma ya kioda na wanawake wenzake wakimwitikia. Siku hiyo mama mdogo alikuwa Songea anauguza mtu, kwa hiyo hakuiona. Picha pekee ya dada yake aliyokuwa nayo ni nakala ya kitambulisho, na kwenye kitambulisho kila mtu hutoka kama kakamatwa na mgambo. Jumamosi alfajiri alitakiwa kurudi. Mpunga alikuwa ameuacha shambani na ndege hawana huruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Chai baadaye. Nionyeshe dada yangu kwanza."

Video ile, niliyoihifadhi kwenye kompyuta yangu, ni ya dakika tisa. Mwanzo wake ni vumbi na miguu ya watu, maana aliyerekodi ni mimi. Kabla kamera haijamfikia mama usoni, skrini ikaingia mistari ya kijani, ikatetemeka, ikawa nyeusi tii. Sauti ikaendelea. Mama akaimba gizani mle, wenzake wakamwitikia, na mama mdogo, aliyekuwa ameegemea mbele na vidole kwenye magoti, akaitikia nao. Aliitikia mpaka wimbo ukaisha, macho kwenye kioo cheusi. Mimi nilisimama na waya mkononi, nikashindwa hata kuuchomeka.

"Yumo," alisema. "Mbona kajificha?"

Nilifanya yale ambayo kila mwenye nyumba hufanya. Nilibadili waya. Niliazima skrini ya jirani, nayo ikawa nyeusi vilevile. Nilizima nikawasha, picha ikaja dakika moja, ikaondoka. Mara ya tatu haikuja kabisa.

"Si ulikwenda kununua flashi, uihamishe hiyo video?" mke wangu akauliza.

"Muuzaji alitaka elfu kumi na mbili. Nikampa nane."

"Ukaondoka."

"Niliondoka ili aniite."

"Alikuita?"

Hakuniita. Na sasa kuhamisha kitu nisichokiona ningekihamisha vipi?

Ijumaa asubuhi nilifunga lile sanduku la kompyuta kwenye kanga, nikalipeleka kwa fundi. Ni dada wa makamo, mvaa ushungi, ana kibanda karibu na soko. Alichomeka, akatazama giza, akatingisha kichwa.

"Kadi ya picha, mzee. Mashine yako haina njia nyingine ya kutoa picha. Bila hiyo ni kipofu. Ninayo iliyotumika, laki na themanini."

"Sijakaa umeshanizika. Fungua kwanza tuione maiti."

"Kufungua elfu kumi na tano."

"Kumi."

"Kumi na mbili."

"Kumi, na mama yangu yumo humo ndani."

"Watu wana mbinu nyingi, lakini hiyo sijawahi kuisikia," akasema, akachukua bisibisi.

Aliivua ile kadi. Kisha akatoa kwa ncha ya kidole kitu chepesi, cha rangi ya majani makavu. "Mzee, kompyuta yako inakula nini?"

Ikabidi niungame. Msimu huu ukungu ulikaa wiki tatu, kahawa ya maganda haikauki vichanjani, na mnunuzi akishika punje yenye unyevu anakukata bei bila haya. Nikagundua kompyuta inatoa hewa ya moto kwa nyuma. Joto la bure! Nikaweka ungo wa kahawa hapo nyuma. Halafu nikaona ina matundu mengine ubavuni. Nikaweka ungo wa pili, yasipotee bure.

"Ya ubavuni hayatoi hewa," alisema. "Yanavuta."

"Kahawa ya nyuma ilikauka vizuri, lakini."

"Hongera."

Akasafisha kwa brashi, akabandua dawa ya zamani iliyokuwa imekauka kama uji chunguni, akapaka mpya, akasugua meno ya shaba ya kadi kwa kifutio cha mwanafunzi. Mimi nilibaki naitazama ile kadi. Ukiisogeza kwenye mwanga utaona mlima uliolimwa ngoro, yale mashimo yetu ya kuzuia mmomonyoko: viboma kwa viboma, vimepangwa bila kosa, na mtu aliyelima humuoni.

"Kwa hiyo mama amehifadhiwa hapa?" nikauliza.

"Hapana. Amehifadhiwa kwenye diski, hakuwahi kuwa hatarini. Hii kadi inamchora tu. Kwenye video yako, kila sekunde inachora picha thelathini. Inachora, inafuta, inachora upya."

Dakika tisa. Nikapiga hesabu kwa kidole juu ya meza yake: picha elfu kumi na sita na mia mbili. Nikarudia, ikawa ileile. Mikono ya mama, kanga yake, jino lake lililovunjika, vyote vinachorwa upya mara elfu kumi na sita na mia mbili, na kitu kisichozidi kiganja changu, na wiki tatu kilikuwa kinaifanya kazi hiyo huku nimekiziba pua. Niliomba flashi, akataja kumi na mbili, nikatoa kumi na mbili.

"Nimeisafisha, ila imeungua kidogo," alisema akinifungia. "Itakwenda. Mpaka lini, sijui."

Saa tisa mchana mama mdogo alikuwa kwenye kiti kilekile. Vumbi, miguu, kisha kamera ikapanda na mama akajaa skrini nzima, kinywa wazi, anacheka katikati ya wimbo. Safari hii mama mdogo hakuitikia. Aliomba nisimamishe hapo. Akakaa naye hivyo, uso kwa uso, mpaka chai ikapoa, na mimi nikamweleza kuwa hata picha ikiwa imesimama kadi haipumziki. Inamchora yuleyule tena na tena.

Video nilishaihamishia kwenye flashi, lakini huko Kihagara hana pa kuichomeka, kwa hiyo nilijitolea kumsafishia picha ya karatasi. Akakataa. "Ya karatasi imeshamaliza kuchorwa," alisema. "Nitakuja kila mwezi kumwona huyu."

Ameshakuja mara mbili, na mara ya pili nimeona mstari mmoja wa kijani pembeni. Sijamwambia. Basi wewe unayezijua mashine hizi, nishauri namna ya kuirefushia maisha kadi iliyoungua kidogo. Na kama ushauri wako ni kununua nyingine, nitajie bei ya mwisho, siyo ya kwanza.