Bolti Iliyokatwa Kichwa

Bolti inayoizuia ekseli ya nyuma isihame ilikuwa imekatwa kichwa kwa msumeno, na aliyeikata ni fundi tuliyemwamini.

Gari ni la kaka yangu, pikapu anayobebea mahindi na watu kutoka Isansa kwenda Mlowo. Ekseli yake ilipovunjika alinunua nyingine mjini Tunduma, mpya, ila si ya kiwanda kilichounda gari. Tangu ifungwe, gari lilikuwa likinguruma kila alipoachia pedali ya mafuta mteremkoni, na ukilifuata kwa nyuma unaliona likienda kiubavu.

Tulirudi gereji. Fundi alilijaribu likiwa tupu, kwenye lami tambarare, akashuka akicheka.

"Bosi, chuma kipya hicho. Kinazoeana na gari, kama bwana harusi na wakwe."

"Bwana harusi gani anatembea kiubavu?" kaka akamuuliza.

Nilipima kwa kamba kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kila upande. Kulia palikuwa pafupi kwa vidole viwili. Nikamtaka fundi afungue springi mbele yetu, ndipo tukaiona ile bolti.

"Haikuingia kwenye tundu la ekseli," akasema. "Ningefanyaje?"

Angetuambia. Alijua kwamba gari hilo linapakia watu, akaona afadhali akate chuma kuliko kukiri kwamba ekseli haikufaa.

Tundu limetobolewa upya, bolti nzima imefungwa, na gari linanyooka. Lakini ngurumo ya mteremkoni ingalipo, fundi anakataa kufungua difu, zile gia zilizo ndani ya ekseli, na leo asubuhi kaka amepakia tena watu wa Mlowo.