Pale Fidla Inapongoja

Sehemu ya pili ya sonata ile, muziki wa fidla na piano, inaanza na piano peke yake. Fidla inangoja. Mwanangu aliniwekea kwenye simu, na asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia viazi vyangu hapa Mbeya, naibana simu sikioni na kusikiliza.

Kabla fidla haijaingia, mpiga fidla anavuta pumzi. Inasikika kabisa. Nilichelewa sana kuisikia pumzi hiyo, kwa sababu mimi nilipokuwa nikipiga, pale nilikuwa nimeshaingia.

Fidla nilifundishwa na padri mmoja kule Tosamaganga, Iringa, nikiwa sekondari. Binti aliyepiga kinanda kanisani ndiye aliyenipigia piano katika sonata hiyo.

"Wewe mwanaume, ngoja nimalize!" alikuwa akisema huku anacheka. "Unafukuzwa na nani?"

Nilitaka kumwoa, lakini nilitaka kwanza mali. Nikaenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Shimo lilipojaa maji niliuza fidla, nikanunua pampu. Maji yalitoka, dhahabu haikutoka. Niliona aibu kurudi mikono mitupu, nikanyamaza, na yeye hakuna aliyemwambia asiningoje. Kosa ni langu. Shimo halikunifunga mdomo.

Sasa sote tumefiwa na wenzi wetu. Juzi nilipata namba yake, nikampigia Iringa. Nilitaka kitu kimoja tu: nimsikie tena akipiga sehemu ile.

"Kamwene," nilimsalimu Kihehe.

"Kamwene. Sauti hii! Babu wewe, ndiyo umetoka shimoni leo?"

Nilicheka. Nikamwomba anipigie sehemu ile.

"Na fidla unayo?"

"Niliiuza, mama."

"Mh. Kwa hiyo nipige peke yangu. Haya, nimeshazoea."

Nilidhani amekata. Kisha nikasikia simu ikilazwa juu ya mbao, kiti kikiburutwa. Akaanza.

Vidole vyake vimekuwa vizito. Kitufe kimoja cha piano yake kimekufa, kinagonga tu bila sauti. Akafika pale fidla inapoingia. Nilivuta pumzi, mkono wangu wa kushoto ukainuka wenyewe, ukabaki hewani.

Hakusimama. Aliendelea na sehemu yake tu, taratibu, akiziacha nafasi zangu zote wazi. Nilizisikia moja baada ya nyingine, simu imelowa shavuni, na sikumkatiza mpaka alipomaliza.