Baba Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka mpaka leo, nayo ni siku niliyojikana kwa mwandiko wangu mwenyewe. Barua yako ndiyo iliyonirudisha huko. Umeniandikia kwamba chuoni mnafundishwa nadharia za nafsi: kwamba yuko msomi aliyesema mtu ni kumbukumbu zake, mwingine akasema mtu ni yule anayeonekana machoni pa wenzake, na mwingine tena akasema ukichungulia ndani yako hutamkuta mtu yeyote, utakuta mawazo tu yanapita kama watu njiani siku ya gulio. Halafu ukauliza, "Babu, wewe unaonaje?"

Mimi niliishia darasa la saba, na hata barua hii nimeiandika kwa siku nne. Majina ya wasomi hao siyajui. Lakini swali lao nalijua, kwa sababu niliwahi kuulizwa mbele ya kijiji kizima.

Unajua kwamba nyumba yetu ni ya nyumba ntobhu, ya mwanamke kuoa mwanamke, ila huenda hakuna aliyekueleza vizuri. Bibi yangu Robi alizaa mabinti watatu, wote wakaolewa. Mtoto wa kiume hakupata, na mumewe akafariki. Kwa Wakurya wa wakati ule, nyumba ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa imekwisha. Bibi hakukubali kwamba yake imekwisha. Alichukua ng'ombe wa mahari ya binti zake, akaenda Nyamwaga akaoa msichana anaitwa Gati, ambaye ndiye mama yangu. Alimwoa kwa niaba ya mtoto wa kiume ambaye hakumzaa. Mtoto huyo akampa jina, akamwita Marwa. Mama akawa mke wa Marwa, na mimi nilipozaliwa nikawa Mwita, mtoto wa Marwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwona huyo Marwa, maana hakuwahi kuzaliwa.

Sikuambii kwamba desturi ile haikuwa na machozi yake. Mama yangu hakuulizwa kama anataka. Hilo aliniambia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima. Lakini leo nakueleza habari yangu mimi.

Aliyenizaa kwa damu alijulikana pia. Alikuwa Chacha, wa kijiji cha pili kutoka kwetu pale Susuni. Mtu mrefu, mwenye sauti, mpigaji wa ala ya nyuzi ya litungu ambaye arusi haikunoga asipokuwepo. Pua yangu ni yake. Watu walikuwa wakiniona gulioni wanacheka, "Pua ya Chacha imekuja kununua chumvi!" Na mimi, mwanangu, nilikuwa mwoga wa watu kiasi kwamba nikisalimiwa na wawili kwa pamoja naangalia chini. Usiku na mchana nilikuwa najiambia: laiti ningekuwa na baba wa kuonekana, hata mimi ningeweza kusimama nikaongea.

Ndipo tukaletewa mwalimu kijana kutoka Tanga, wa kufundisha watu wazima kusoma. Mimi nilikuwa namsaidia kuandika herufi ubaoni, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri ingawa wa polepole. Alipenda mazungumzo marefu. Siku moja alichora duara ubaoni, akasema, "Mwita, toa kila kitu ulichoambiwa na watu. Toa jina, toa ukoo, toa dini. Kitakachobaki ndani ya duara, hicho ndicho wewe. Mengine ni nguo tu umevalishwa." Maneno yale yalinilevya. Nilitembea nayo wiki nzima. Kila nilipotoa vitu, cha kwanza kutoka kilikuwa Marwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi Susuni tulikuwa tunakaa mbalimbali, kila mji na migomba yake na zizi lake, na sasa tulitakiwa kujipanga kwa mistari karibu na shule. Kila kaya ingepewa kiwanja kimoja. Akaja afisa mmoja na daftari kubwa, wakanichagua mimi niwe mwandishi. Tulikaa darasani. Watu wanaingia, afisa anauliza, mimi naandika: mkuu wa kaya, jina la baba yake, watu waliomo. Ilikwenda vizuri mpaka ikafika zamu ya nyumba yetu. Bibi hakuwepo, goti lilikuwa linamsumbua, na mama alibaki naye.

"Hii ni kaya yako wewe mwenyewe, mwandishi?" afisa akauliza. "Haya, jina la baba."

"Marwa."

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Amefariki?"

"Hapana."

"Amesafiri?"

"Hapana, mzee."

Kicheko kikaanza kwenye madawati ya nyuma. Nyamhanga, shemeji yake bibi, ambaye siku zote alikuwa na jicho kwenye migomba yetu, akapaza sauti, "Bwana afisa, andika amechelewa! Bado tunamsubiri azaliwe!"

Darasa zima likaangua kicheko. Afisa naye alicheka kidogo, hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Kijana, siwezi kumgawia kiwanja mtu ambaye hakuzaliwa. Una baba au huna?"

Masikio yalikuwa yanawaka. Nikamwona mwalimu amesimama mlangoni, nikalikumbuka duara lake. Nikainamisha kichwa, nikaandika: Mwita Chacha. Polepole, herufi moja moja, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Vizuri," afisa akasema. "Basi wewe utakuwa kaya ya huyo Chacha. Huyo bibi na mama yako waandike kwa shemeji yake hapo nyuma. Kaya hii ifute."

Nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya nyumba ya bibi yangu.

Sikumwambia mtu nyumbani. Asubuhi yake nilikwenda kwa Chacha, nikiwa nimevaa shati langu la Jumapili. Nilimkuta anakamua. Nikamwambia shikamoo, akaitikia vizuri, akanipa kikombe cha maziwa, akasubiri nimalize. Nikamweleza kwamba nimeandikwa kwake.

Akasema, "Mura, kijana, wewe ni wa kwa Robi."

"Lakini damu..."

"Damu naijua. Hata mke wangu anaijua. Lakini siku ile nilipokuwa naingia kwenye nyumba ile nilijua naingia nyumba ya Marwa. Kama leo nitakuita mwanangu, nitakuwa mwizi, tena wa kumwibia kikongwe. Maliza maziwa. Mwambie bibi yako nimemsalimia."

Hakunifukuza, mwanangu. Afadhali angenifukuza, ningerudi na hasira. Nilirudi na maziwa tumboni na mikono mitupu.

Nilipofika nyumbani habari ilishatangulia. Kazi ya kubomoa ilikuwa imeanza, maana kila mtu alikuwa anang'oa miti ya nyumba yake ili akajengee kijijini. Miti yetu ilikuwa imelazwa uani, na bibi Robi amekaa juu yake, mguu mbaya ameunyoosha. Nyamhanga alishapita kumwambia ailete kwake, atamjengea kibanda nyuma ya jiko. Bibi hakuwa analia. Alikuwa amenuna kama mtu aliyepunjwa gulioni.

"Umeandika nini, Mwita?" akaniuliza.

Nikamwambia yote, mpaka habari ya duara. Akasikiliza.

"Huyo mwalimu wako," akasema, "anaposema toa kila ulichopewa na watu, hayo maneno ya kutolea amepewa na nani? Alizaliwa nayo?"

Nikakaa kwenye miti karibu naye.

"Nikuulize jingine. Ukiwa mdogo, ulikuwa unaumwa degedege. Unakumbuka?"

"Sikumbuki, bibi."

"Hukumbuki. Lakini ni wewe uliyeumwa, au ni mtoto mwingine?"

"Ni mimi."

"Umejuaje?"

"Wewe umeniambia."

"Haya. Mimi nilikuita Mwita wa Marwa usiku ule mpaka ukafungua macho. Ulikuja kwa jina hilo. Sasa umekuwa mtu mzima, umejiunga na wanaokucheka." Akapiga miti kwa fimbo yake. "Marwa sikumzaa, najua. Kila mwezi kwa miaka ishirini nilijua. Sikuhitaji afisa aje kuniambia. Lakini nyumba hii niliijenga, mama yako yumo, wewe umo, mahindi yamo ghalani. Kama wewe si wa Marwa, niambie mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote hii. Na uniambie miti hii niipeleke wapi. Viwanja vinagawiwa Jumamosi."

Mama alikuwa amesimama na jembe. Alisema neno moja tu: "Nenda kafute ulichoandika."

Jumamosi watu wote walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Afisa alikuwa anasoma majina na watu wanaoneshwa viwanja. Nilikuwa nimekaa karibu naye na kalamu. Alipofika kwa Nyamhanga akasoma, "Na wategemezi wake, Robi na Gati," nikasimama. Sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba kama ya kuku.

"Nimekosea kuandika."

"Nini?"

"Nimekosea kuandika. Kaya ya Marwa ipo. Mimi ndiye niliyeifuta, na sikuwa na haki."

Nyamhanga akadakia, "Ameshazaliwa?" Watu wakacheka tena, lakini safari hii niliwaangalia, na niliona kwamba si wote wanaocheka. Wanawake wengi walikuwa wananiangalia kimya.

Nikasema, "Babu, mwaka wa njaa ulikula mahindi wapi? Ulikuja na gunia nyumbani kwa nani? Kama Marwa hayupo, basi na mahindi yale hayakuwepo, na wewe hukushiba."

Hapo wakamcheka yeye. Hata mkewe alificha uso kwa kanga.

Afisa akaniuliza, kwa upole, "Na huyo Chacha uliyemwandika?"

"Amenipa pua, namshukuru. Ana watoto wake wa kuwalea. Mimi ni mtoto wa mtu ambaye bibi yangu alimtaka lakini hakuja, bibi akamjengea hata hivyo. Nimezaliwa kwenye hiyo nyumba, nimelima shamba lake, nimeitikia jina lake tangu sijui kuongea. Wengine wenu mna baba mliyemkuta duniani. Mimi baba yangu nitamfanya awepo mimi."

Afisa akasema, "Daftari linataka mkuu wa kaya anayepumua."

"Niandike mimi. Mwita Marwa. Napumua."

Akanisukumia daftari. "Andika mwenyewe."

Nikaandika. Kijiji kizima kilisubiri, maana kama nilivyokuambia, mkono wangu hauna haraka. Tulipewa kiwanja mstari wa pili, na jioni ile ile vijana wa rika langu walibeba miti ya bibi wakaipeleka. Mwalimu alibeba mti mmoja begani, akanitazama, akasema, "Nitakuja tuzungumze tena lile duara." Tulizungumza miaka mingi. Alikuwa rafiki yangu mpaka alipohamishwa.

Sasa mwanangu, nikujibu swali lako, na nakujibu bila wasiwasi.

Huyo anayesema mtu ni kumbukumbu zake amesema sehemu. Yako mengi yangu ambayo siyakumbuki, wengine wamenihifadhia, na bado ni yangu. Huyo anayesema mtu ni macho ya wenzake amesema sehemu pia, ila hakuambii wenzako wepi. Macho ya Nyamhanga yaliniona kitu cha kuchekwa, na ningeyafuata ningekuwa hicho. Huyo anayesema ndani hamna mtu, sikatai kwamba alichungulia, lakini mtu haonekani kwa kuchungulia. Anaonekana anapoulizwa "wewe ni nani" na jambo la mwingine likawa linategemea jibu lake. Na mwalimu wangu naye hakukosea yote. Kuna duara ambalo hakuna awezaye kuingia badala yako. Bibi alinipa jina, mama alinituma, lakini miguu iliyosimama uwanjani ilikuwa yangu. Hakuna mwingine ambaye angeweza kusema "napumua" kwa niaba yangu.

Kwa hiyo usijitafute kwa kujivua tu. Ukivua kila ulichopewa utabaki na baridi, na utaliita hilo uhuru. Wala usikae ndani ya ulichopewa kama mzigo uliofungwa na wengine. Kichukue, kikague, panapotia watu machozi parekebishe, kama mimi nilivyokataa binti zangu waolewe bila kuulizwa. Kisha kishike kwa mkono wako na useme ni chako. Ukiwa na aibu, sema kwa aibu. Sauti nyembamba inasikika vilevile. Na ukikosea, kama mimi nilivyokosea, rudi hadharani ulikokosea, usiende kuungama pembeni.

Mungu wa babu zetu akuangazie njia unayosoma. Akupe walimu wakali na marafiki wakweli. Akupe watu wanaokuhitaji, ili usisahau kujibu. Siku utakayosimamishwa uulizwe wewe ni nani, mdomo wako usikauke, na wale uliowabeba moyoni wasikose mahali pa kulala kwa sababu yako. Nenda, mwanangu, uwe mtu.