Kicheko Kilichosafishwa

Bosi mpya alipofika kituoni kwetu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvaa spika za masikioni na kufumba macho. Tulisimama nyuma yake kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Akasikiliza kipindi changu kwa muda, akazivua, akanitazama kwa huruma.

"Dada," akasema, "mnarusha takataka."

Alikuwa ametoka Dar es Salaam. Sisi tulikuwa redio ndogo ya Kigoma mjini: chumba kimoja cha kutangazia, sebule ya wageni yenye makochi yaliyobonyea, na mnara juu ya kilima. Kipindi changu kilianza saa nane mchana, wakati mafundi cherehani wa soko la Mwanga wameshakula na usingizi unawanyemelea. Nilipiga nyimbo nilizozikusanya kwa miaka mingi: rumba za ng'ambo ya ziwa, taarabu za harusi za Ujiji, kwaya, na ngoma za Waha nilizozifuata vijijini mwenyewe na kinasa sauti changu. Nyingi zilikuwa na mikwaruzo. Hakuna msikilizaji aliyewahi kunipigia simu kulalamikia mikwaruzo. Walipiga kulalamika kwamba nimekatiza wimbo ili nisome tangazo la magodoro.

Bosi akaleta mitambo ya kidijitali. Siku ya uzinduzi viongozi walialikwa, wakapewa soda na sambusa, wakachezewa wimbo mmoja mara mbili, kwanza kwa mitambo ya zamani, kisha kwa mipya.

"Mnasikia tofauti?" bosi akauliza.

Wote walisema wanaisikia. Afisa mmoja aliitikia kwa nguvu kuliko wenzake huku bado anatafuna, sijui alikuwa anasikia kwa kutumia nini. Hakuna aliyeuliza kwa nini tunachezewa wimbo ule, ambao ulikuwa wa hovyo kwa mitambo yote miwili.

Baada ya hapo kompyuta ndiyo ikawa inachagua muziki. Ilikuja na nyimbo zake kutoka Dar es Salaam, ikazizungusha asubuhi, mchana na jioni, zile zile, kwa usafi wa ajabu. Ungeweza kusikia msanii akivuta pumzi kabla ya kuimba upuuzi. Bosi alizunguka ofisini akitabasamu kama mtu aliyechimba kisima.

Kipindi changu alikiacha, ila kwa sharti. Kila rekodi yangu ingesafishwa kwanza.

"Wasikilizaji wa sasa hawavumilii kelele," aliniambia.

"Nani kakwambia? Wamekupigia?"

"Huo ni utaalamu, dada. Hauhitaji kupigiwa simu."

Rekodi ya kwanza kusafishwa ilikuwa ya akina mama wa kijiji cha Kalinzi. Niliirekodi msimu mmoja wa kahawa, mvua kubwa ilipotukuta bandani kwenye mashine ya kumenyea. Hakuna aliyeweza kutoka, basi wakaanza kuimba. Mvua ilipiga bati, wao wakapaza sauti kuishinda, na mmoja wao, ambaye hakujua maneno, alikuwa anapiga makofi nje ya mapigo na kucheka. Alicheka kila alipokosea, na kila alipocheka wenzake waliimba kwa nguvu zaidi. Ulikuwa ndio wimbo ulioombwa kuliko nyimbo zote nilizokuwa nazo.

Bosi akatoa mvua. Akatoa makofi. Akatoa kicheko. Kilichobaki ni wanawake wachache wakiimba kwa heshima, kama wanasubiri kuhojiwa na mkuu wa wilaya. Nikaambiwa nikirushe hivyo hivyo, nikakirusha.

Kesho yake, kabla ya kipindi, mama mmoja wa makamo aliingia sebuleni kwetu na vumbi la pikipiki hadi kwenye nyusi. Alikuwa ametoka Kalinzi. Nilimtambua, ndiye aliyeanzisha ule wimbo bandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza. Mdogo wangu mmempeleka wapi?"

Sikumwelewa. Akakaa, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akanieleza. Yule aliyekuwa anacheka alikuwa mdogo wake. Alifariki mwaka uliofuata, kwa uzazi. Nyumbani hawakuwa na picha yake nzuri hata moja, ila kila wimbo ule ulipopigwa redioni waliita watoto waje wamsikie mama yao anacheka. Jana waliwaita. Watoto wakasikiliza hadi mwisho, yule mdogo kuliko wote akauliza, "Mbona leo hayupo?"

Nilimwita bosi. Nilitaka ayasikie hayo kwa masikio yake yaliyosomea kusikia. Mama akarudia yote, polepole, maana Kiswahili chake kilikuwa kinapitia kwenye Kiha kwanza. Bosi alisikiliza kwa adabu, mikono nyuma.

"Pole sana mama," akasema. "Lakini kitaalamu kile kicheko kilikuwa kinazidi kiwango. Kilikuwa kinaharibu sauti."

Mama alimtazama, kisha akanigeukia mimi. "Huyu kijana anasema nini?"

Niliona aibu kutafsiri.

Kanda ya asili ilikuwa nyumbani kwangu. Nilimwomba mama asubiri, nikaifuata na kurudi nayo pamoja na kinasa sauti cha zamani. Saa nane ilipofika nikawasha maikrofoni, nikaiweka karibu na kile kinasa, nikabonyeza. Mvua ikaingia studio. Kupitia kioo nilimwona mama sebuleni amejifunika mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika, na kwa muda sikuweza kujua kama analia au anacheka na mdogo wake. Bosi alikuja mbio, akasimama mlangoni akinionyesha kwa kidole taa nyekundu za mitambo yake. Nilimgeuzia mgongo hadi wimbo ulipoisha. Simu zilikuwa zinalia zote.

Kanda nilimpa mama, pamoja na kinasa. Mimi nikapewa barua ya onyo, halafu kipindi kikahamishiwa Jumapili alfajiri, saa ambayo waumini wako njiani na wasio waumini wamelala. Nikawaambia wasijisumbue, nikaondoka.

Sasa nauza vitambaa Mwanga. Mwezi uliopita bosi alipita dukani kwangu. Amepandishwa cheo, anasimamia vituo kadhaa, na amenenepa. Alikuwa anatafuta kitambaa cha suti.

"Tunasikika vizuri huku sokoni?" aliniuliza.

"Vizuri mno," nikamjibu. "Mnasikika hadi pumzi."

"Umeona sasa!" akasema, akashukuru kwa dhati kabisa.

Nilipokuwa nampimia kitambaa, redio ya fundi wa jirani ilikuwa imeshika kituo cha ng'ambo ya ziwa, rumba ya zamani inayokuja na kupotea katikati ya mikwaruzo, kama ilivyo kwa mafundi karibu wote wa safu yetu siku hizi. Bosi aliegemea meza yangu akingoja. Hakuuliza ni kituo gani. Kidole chake kilikuwa kinagonga ubao taratibu, kikifuata gitaa.