Chai ya Mkwe na Vidonge vya Damu

Uzazi wa kwanza damu iliniishia kitandani, nikaongezewa ya watu. Mume wangu hadi leo ananitania eti aliyetoa alikuwa mbishi. Kwa hiyo mimba hii ya pili, wifi yangu wa Mbeya aliponitumia kopo la vitamini za wajawazito, kubwa kama la maziwa ya unga, nilitaka kuzitafuna kama karanga. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kujumlisha najua: vidonge vya kliniki, ongeza vya wifi, damu mara mbili.

Bahati nzuri mi mwoga kuliko mjanja. Kabla sijafungua, nikalibeba kopo hadi kliniki.

Nesi akasoma maandishi, akakunja uso. "Hizi zina madini chuma kama vidonge vyetu. Na vitamini A imo. Ukichanganya unazidisha, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Endelea na vyetu, hizi acha." Akaangalia kipimo changu. "Mbona damu haipandi, mama? Vidonge unameza kweli?"

"Namezaga kila asubuhi, nesi."

"Unamezea nini?"

"Chai."

Akaweka kalamu chini. "Chai inazuia vidonge visifanye kazi. Mezea maji. Chai subiri kama masaa mawili."

Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Nyumbani Kihesa alikuwepo mama mkwe, katoka Nyololo kuja kuniangalia. Maisha yake yote kachuma chai. Alikuja na mfuko mzima, na kila siku anaamka kabla yangu kunichemshia ya rangi, nzito. Kuikataa chai yake, afadhali nimkatae mwanawe.

Asubuhi kikombe kikaja. Nikaomba maji.

"Mama, nesi kasema vidonge na chai haviendani."

"Kwa hiyo nakunywesha sumu?"

"Hapana, mama. Ni vidonge ndo vina maringo."

Hakucheka. Mtoto akanipiga teke. "Ona, hata huyu anakuogopa," nikasema. Wapi. Akakivuta kikombe changu, akakinywa chote taratibu, kisha akaweka mkono tumboni kwangu.

"Ile siku ulipoishiwa damu, manesi walinitoa nje, nikabaki mlangoni," akasema. "Nilijua narudi Nyololo na maiti." Akanisogezea glasi. "Kunywa maji, mwanangu."

Damu hawajanipima tena. Kila asubuhi tunakaa jikoni, yeye na kikombe, mimi na glasi, tunasubiri muda wangu wa chai ufike. Utani wangu wote hapo huwa umelala.