Mbavu Kumi za Chura

Mimi nimechapwa viboko viwili kwa ajili ya mbavu za chura. Msicheke. Kiganja kilikuwa changu, na hasira ninayo hadi leo.

Nilikuwa shule ya kati hapa Mwanza, kabla ya uhuru. Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja, na mwalimu wetu wa sayansi alitaka akute mifupa ya mnyama mezani, imepangwa. Kazi akanipa mimi, kwa kuwa mdomo wangu ulijisifu kwamba siogopi chura. Nikaokota mmoja aliyekufa mtaroni Mkuyuni, nikamtia kwenye kopo lenye matundu, nikalifukia karibu na shimo la sisimizi. Baada ya siku kadhaa walikuwa wameniachia mifupa mitupu.

Nikaipanga ubaoni kwa ulimbo. Jamani, yule kiumbe! Shingo ni kama hana, kichwa kimekalia mabega. Uti wa mgongo mfupi, na mwishoni, badala ya mkia, mfupa mmoja mrefu kama msumari. Chini ya kiwiko ana mfupa mmoja, mimi nina miwili. Miguu ndiyo iliyopendelewa: paja, muundi, kisha mifupa ya kifundo imerefuka hadi ikawa kama muundi wa pili. Akikaa anaikunja yote. Akiinyoosha kwa mpigo, huyoo! Mikono ile mifupi ni ya kumpokea anapotua.

Mwalimu akaizunguka meza. "Mbavu ziko wapi?"

"Sikuziona, Mwalimu."

"Hebu jishike ubavuni. Unazo?"

"Ninazo."

"Basi na chura anazo! Umezitupa, mzembe wewe. Nyoosha mkono."

Viwili, vya moto. Darasa zima likanizomea: "Mla mbavu! Mla mbavu!" Mwalimu akasema nisipokuja nazo kesho yake, atamwambia mkaguzi ni nani aliyeharibu kazi ya shule.

Nyumbani mama alikuwa amechemsha furu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Sijawahi kula samaki kwa utaratibu kama siku ile. Asubuhi chura wangu alikuwa na mbavu kumi, tano kila upande, zimekaa vizuri kuliko zangu. Mkaguzi akainama, akazitazama, akampongeza mwalimu kwa kumpa mkono. Mimi sikupewa hata pole, na jina la mzembe likabaki kwangu. Iliniuma, nasema kweli.

Miaka ikapita. Nikiwa chuo cha ualimu, nikafungua kitabu nikakuta picha: chura hana mbavu. Hana hata moja! Sisi mbavu hutanua kifua tunapovuta hewa. Yeye huisukuma ndani kwa koo, ndiyo maana koo lake halitulii. Nilipiga ukelele, wenzangu wakadhani nimeona nyoka.

Mwaka wa uhuru nikapangiwa kufundisha shule ileile. Mwalimu wangu sasa alikuwa mwalimu mkuu, kichwa kimejaa mvi, na chura wangu alikuwa bado kabatini na mbavu zake kumi. Siku ya kwanza, watoto walipokwenda nyumbani, nikambeba chura huyo na kitabu hadi ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kwa habari ya zile mbavu nilizozitupa."

"Marahaba." Akasoma ukurasa. Akafuta miwani, akasoma tena. Kisha akatoa fimbo kabatini, akanikabidhi, akanyoosha kiganja.

"Viwili," akasema. "Ndivyo nilivyokupa."

Machozi yalinilenga. Nikamchapa. Si kwa nguvu, lakini wala si polepole.

Akapuliza kiganja, akamtazama chura kwa makini.

"Sasa, binti yangu, hizi kumi ulizitoa wapi?"

"Za furu, Mwalimu."

Akaichukua fimbo yake.

"Haya. Nyoosha na wewe."